Mahali, Si Mahari

Kitale,
10 Oktoba 2004

Senge wangu mpendwa,

Naanza na habari mbaya ili iishe. Jaribio la kwanza la saikolojia limerudi na nimepata tisa kwa thelathini. Mhadhiri wetu, Bwana Kipketer, aliyasoma majina akianzia juu. Alipofika kwangu alikuwa ameshachoka kusoma.

Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaoniumiza. Aliniita pembeni akaniambia, "Nakhumicha, umeandika maneno yangu vilevile nilivyoyasema darasani, hata pale nilipokosea." Mtihani wenyewe ni tarehe 22 Novemba. Anayeanguka somo hili haendelei na ualimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Anafunga sanduku lake anarudi nyumbani. Kwa hiyo ukiniona mlangoni kabla ya Krismasi utajua.

Jepkemboi, tunayelala chumba kimoja, ameniuliza senge ni nani ninayemwandikia kila mara. Nikamwambia ni shangazi, dada ya baba, na kwamba wangu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki na baba akaenda kuanza maisha mengine Moi's Bridge. Akasema, "Si umpigie tu simu, bana?" Ana simu ya mkono na ananiazima. Wilkista naye ana simu pale kibandani kwake, karibu kabisa na nyumba yetu. Mbona hutaki? Mwezi uliopita alikupa simu, ukasema "Ndiyo, ndiyo, vizuri sana," ukamrudishia. Senge, nilikuwa nimekuambia nina homa.

Na jambo moja la mwisho. Jioni ile kabla sijaondoka, tukichambua maharagwe, nilikuambia neno. Hukunijibu, wala hukuinua kichwa. Tangu siku hiyo nalibeba. Kama nilikukosea, niambie nijue.

Mwanao,
Nakhumicha


Malakisi,
16 Oktoba 2004

Mwanangu Nakhumicha,

Tisa! Nimeigeuza karatasi nikidhani alama nyingine ziko nyuma.

Lakini sikulaumu peke yako. Naulaumu ugonjwa wa nchi nzima, wa kumeza bila kutafuna. Tunameza mahubiri, tunameza ahadi za wanasiasa, tunameza bei ya tumbaku bila kuuliza imepangwa na nani, kisha tunashangaa mtoto akimeza mhadhara na kuutapika mzima kwenye karatasi. Bwana Kipketer ashukuru. Angalau umemwonyesha alipokosea.

Sasa sikiliza tutakavyofanya. Kila wazo unalosoma katika hiyo saikolojia, niandikie kwa Kiswahili. Sitaki neno la Kiingereza hata moja. Sitaki "kama alivyosema fulani". Nieleze mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mbishi, niliyeketi jikoni na sina muda. Usipoweza kunieleza, basi hujaelewa. Umekariri tu. Mtihani utaujibu kwa Kiingereza chao, lakini uwe umekwisha kulielewa jambo kwa lugha ambayo huwezi kujificha ndani yake.

Kuhusu simu, jibu ni lile lile. Simu ya mkono ni chombo cha watu wasio na la kusema wanaotaka kulisema haraka. Barua hungoja mlangoni. Unaisoma, unaikasirikia, unaisoma tena. Homa ulipona? Hukuniambia kuhusu homa.

Huku hali si mbaya. Vifaranga wa mwaka huu ni mabubu. Mwewe amechukua wawili mchana kweupe na hawakulia hata kidogo. Darasani nina watoto tisini tangu elimu iwe ya bure, na ajabu ni kwamba wote wananong'ona. Mwalimu mkuu anasema darasa langu ndilo lenye kelele kuliko yote shuleni. Nimemwambia akapimwe akili, na kwamba nina mtu Kitale anayesomea mambo hayo.

Jioni ile ya maharagwe hukusema kitu. Tulichambua kimya, ukaenda kulala. Usinitungie kosa.

Senge wako,
Phelista Nasimiyu


Kitale,
24 Oktoba 2004

Senge mpendwa,

Ukisema sikusema kitu, basi sikusema. Tuyaache.

Wazo la kwanza. Kulikuwa na Mrusi aliyekuwa na mbwa. Kila alipompa chakula alipiga kengele kwanza. Mwishowe akapiga kengele tupu bila chakula, na mbwa akadondokwa na mate vilevile. Maana yake ni kwamba vitu viwili vikija pamoja mara nyingi, mwili huvifunga kamba moja, na ukivuta kimoja kingine kinafuata. Mbwa mwenyewe hakuamua. Mwili wake ndio uliojifunza.

Mfano wangu ni huu: wewe ukivua miwani, mimi hushika sikio langu, lile ulilozoea kulivuta, hata kama niko ng'ambo ya nyumba. Nimejaribu hapa Kitale. Bwana Kipketer alivua miwani, nikajikuta nimeshika sikio. Jepkemboi alicheka mpaka akatolewa nje.

Shida yangu sasa ni bweni. Chini ya dirisha letu kuna kinu cha kusaga mahindi, na msimu huu Trans-Nzoia yote inavuna. Kinasaga tangu asubuhi mpaka giza, na nasoma ukurasa mmoja mara nne. Natafuta chumba kwingine. Nikipata nitakutumia ujumbe kwa Wilkista, barua itachelewa. Usikasirike, sitakulazimisha kushika simu. Atakuja kukuambia.

Mwanao,
Nakhumicha


Malakisi,
5 Novemba 2004

Nakhumicha,

Mrusi na mbwa wake nilikuwa nimewaandalia jibu zuri, lakini leo watangoja nje.

Jana Wilkista alikuja mbio mpaka mlangoni mwa darasa langu, watoto tisini wakitazama, akaniambia: "Mwarimu, Nakhumicha amepata mahari kwa Mama Chepkorir, anahamia Jumamosi."

Mahari!

Mtihani uko karibu hivi, na wewe umepata mahari? Nani amekupa ruhusa ya kuipata? Huyo Mama Chepkorir ana mwana gani, anafanya kazi gani, na haraka yake ni ya nini hata asingoje karatasi zikusanywe? Usinielewe vibaya. Sina neno na watu wa mlimani, kabila lake. Tumeoleana nao tangu zamani na wana maziwa mazuri. Ugomvi wangu ni na yeyote, wa mlimani au wa bondeni, anayemwona msichana ameshika kitabu akadhani ameshika sinia la kumkaribisha yeye.

Na tangu lini mahari ya msichana wa Kibukusu ikazungumzwa senge hayupo? Mimi ndiye ninayeulizwa kwanza! Mimi ndiye ninayekataa kwanza! Hata kama ni desturi tu, desturi hiyo naipenda, kwa sababu ndiyo pekee inayompa mwanamke nafasi ya kusema hapana mbele ya wazee wakiwa wameketi.

Nimemtumia ndugu yangu Sifuna ujumbe kule Moi's Bridge kwamba asipokee hata mguu wa kuku.

Nakhumicha, mwanangu. Kama umechoka, sema umechoka. Kama tisa ile imekuvunja moyo, sema. Njoo nyumbani ulale siku mbili kisha urudi. Lakini usiolewe kwa sababu ya kuogopa karatasi. Nimewaona wengi waliofanya hivyo, na karatasi iliendelea kuwatisha hata baada ya watoto watano.

Nijibu mara moja.

Senge wako, ambaye bado ni senge wako,
Phelista Nasimiyu


Kitale,
9 Novemba 2004

Senge,

Mahali. Ma-ha-LI. Nimepata mahali pa kulala.

Mama Chepkorir ni mjane mwenye nyumba nyuma ya soko. Hana mwana wa kiume. Ana mabinti wawili na ng'ombe mmoja, na wote watatu huniamsha alfajiri, lakini mchana nyumba ni tulivu na nimeanza kusoma kama binadamu.

Baba alifika Jumapili. Amevaa koti jipya. Alisimama mlangoni akamwuliza Mama Chepkorir, kwa heshima zote, wazee wako wapi. Mama akamwambia mzee wake ni marehemu. Baba akatoa pole, akaketi, akanywa mursik, maziwa mgando ya kibuyuni, akangoja. Mpaka jioni alikuwa bado anangoja. Nilipomweleza alilikung'uta koti akasema, "Basi hata koti limepata matembezi." Ujumbe wako yeye aliuelewa kwamba aje upesi.

Tumecheka sana hapa. Lakini nilipomaliza kucheka nilianza kufikiri, na ndipo ninapokuandikia kwa makini.

Senge, wewe ndiwe uliyetufundisha r na l. Darasa la tatu ulitusimamisha mstari, kila mmoja na kioo kidogo, tuutazame ulimi. Mtoto wa dawati la mwisho akisema "karamu" akimaanisha ya kuandikia, ulikuwa unamjua bila kugeuka kutoka ubaoni. Na Wilkista amesema "mahari" maisha yake yote. Anasema "kurara", anasema "mwarimu", na wewe hujawahi kukosa kumwelewa hata siku moja. Nimempigia simu nikamwuliza alisemaje hasa. Ameapa alisema "mahari pa kurara". Hayo "pa kurara" yalikwenda wapi?

Wazo la wiki hii ni hilohilo, na Bwana Kipketer anasema haliwezi kukosa mtihanini. Kuna hisi na kuna utambuzi. Hisi ni mlango: sauti inafika, inabisha hodi. Utambuzi ni mwenye nyumba: yeye ndiye huamua ni nani aliyebisha. Hodi ikiwa kubwa na wazi, mwenye nyumba hana kazi. Lakini ikiwa hafifu, imekatika, humalizia mwenyewe. Na humalizia kwa yule anayemngoja, au yule anayemwogopa.

Nina swali dogo, usiulize ni la nini. Unalalia ubavu gani?

Mwanao asiyeolewa,
Nakhumicha


Malakisi,
14 Novemba 2004

Mwanangu,

Siombi radhi. Mwanamke anayepiga kelele "mahari" mlangoni mwa darasa ndiye aombe. Nimemwambia Wilkista hivyo, naye amejibu, "Niriongea vizuri, Mwarimu, weye ndiye siku hizi husikirizi." Mimi, nisisikilize! Mimi niliyesikiliza hotuba za machifu watatu mpaka mwisho!

Hodi na mwenye nyumba: hilo ni lako? Au umelitoa kitabuni? Kama ni lako, andika hivyohivyo, usiongeze kitu. Nimelisoma mara kadhaa na sikupata pa kulipiga. Unajua kwangu hiyo ni sifa kubwa.

Mrusi wako namjibu kwa ufupi. Kumnyima mbwa chakula ili umtazame mate si elimu, ni utovu wa adabu. Lakini sasa najua kwa nini kengele ya saa sita hunipa njaa hata nikiwa nimeshiba. Juzi haikunipa, kwa sababu haikulia. Walimu wenzangu wanadai ililia. Nilifundisha peke yangu mpaka mtoto mmoja akaanza kulia njaa. Hata mvua ya mwaka huu ina unafiki. Zamani ilikuwa inapiga mabati kama ugomvi, sasa inanyesha kwa adabu, naamka nakuta matope uani na sikuisikia.

Nalalia ubavu wa kulia, uso ukutani, kama alivyolala mama yangu. Hilo litakusaidia nini mtihanini?

Nakutumia kalamu mbili kwa mkono wa Khaemba, anapeleka magunia ya mahindi Kitale Jumamosi. Wilkista amewaambia majirani kwamba nakutumia karamu. Wawili wameshaleta kuku. Nimewapokea, watakungoja Desemba.

Usiku wa kuamkia mtihani usisome. Kula, ulale. Na ukifika kwenye swali usilolijua, usinikumbuke mimi. Ikumbuke hasira yangu, uitumie.

Senge wako,
Phelista Nasimiyu


Kitale,
22 Novemba 2004

Senge wangu,

Nimetoka mtihanini sasa hivi. Naandika kwa kalamu yako, ile ya pili. Ya kwanza nimeimaliza wino.

Swali la tatu lilikuwa: "Tofautisha hisi na utambuzi. Toa mfano kutoka maisha yako." Ndilo lenye alama nyingi zaidi. Niliandika hodi na mwenye nyumba bila kusita, nikahisi niko jikoni nabishana nawe. Kisha nikafika kwenye mfano, na hapo nikaweka kalamu chini.

Kwa sababu mfano nilikuwa nao. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyekuwa na mzuri kama wangu. Mwalimu anayefundisha r na l, anayeambiwa "mahali pa kulala" akasikia "mahari", kwa kuwa sauti imefika nusu na nusu iliyobaki ameijaza kwa hofu yake juu ya mtoto wake. Vifaranga wanaolia kwa sauti nyembamba ambayo haimfikii. Watoto tisini wanaonong'ona. Kengele. Homa yangu. Na mvua, Senge. Unalalia ubavu wa kulia, sikio la kulia liko kwenye mto, na lile la juu halisikii mabati.

Sikuandika. Nisingeweza kumwambia Bwana Kipketer jambo ambalo sijakuambia wewe. Nikaandika mfano wa mtu aliyeona kamba akadhani nyoka, ambao kila mtu ameuandika. Kama nimeanguka, nimeanguka hapo.

Nakuambia sasa, na najua utavua miwani. Sikio lako la kushoto halisikii vizuri. Nadhani limeanza zamani. Nadhani unajua, na ndiyo maana simu imekuwa adui. Usiniandikie kwamba kizazi chetu kinaguna. Kinaguna kweli, lakini mvua haiguni.

Sasa jioni ile. Nilikuwa nimeketi kushoto kwako, kwenye kigoda changu cha siku zote. Uungo wa maharagwe ulikuwa katikati yetu. Nilikusanya nguvu tangu asubuhi, nikasema taratibu, kwa sababu maneno kama hayo siwezi kuyasema kwa sauti: "Mama, asante." Nilikuita Mama. Sijawahi kumwita mtu hivyo. Wewe ukaendelea kuchambua, ukatupa jiwe moja mlangoni. Nikadhani umekataa. Nikadhani umeona namvunjia heshima marehemu mama, au nataka nisichostahili. Nilikuja nalo Kitale neno hilo, nikafanya nalo jaribio la kwanza.

Muhula wote nimekuwa na huzuni kwa sababu ya kigoda kuwekwa upande usiofaa.

Nikija nitaketi kulia.

Mwanao,
Nakhumicha


Kitale,
11 Desemba 2004

Senge,

Hujanijibu. Khaemba amekuja mara mbili na mikono mitupu. Wilkista anasema uko mzima, unafundisha, ulikwenda Bungoma siku moja ukarudi hutaki mazungumzo.

Matokeo yametoka. Hamsini na nane kwa mia. Nimepita, naendelea na masomo. Kwenye swali la tatu Bwana Kipketer ameandika kwa wino mwekundu: "Maelezo bora darasani. Mfano wa kukopa. Kwa nini?"

Kama nimekuumiza, nitafika Jumamosi ijayo unikemee ana kwa ana. Kama hutaki nije, tuma ujumbe kwa Wilkista, nami nitaomba arudie mara mbili.

Nakhumicha


Malakisi,
14 Desemba 2004

Nakhumicha,

Hamsini na nane! Na mfano mzuri kuliko wote ulikuwa nao mkononi ukauacha kwa adabu. Adabu hiyo umeitoa wapi? Kwangu hukuitoa. Mtihani ujao niandike. Andika jina langu lote, Phelista Nasimiyu, mwalimu, Malakisi, ili mhadhiri wako asidhani nimetungwa. Nyoka na kamba! Nimeona aibu kwa niaba yako.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikukasirikia wewe kwanza, kisha Wilkista, kisha waliobuni simu, mwishowe nikalikasirikia sikio lenyewe, na sikio ndilo adui wa kwanza maishani mwangu ambaye hajibishani. Nikaona nimeshindwa. Nikaenda Bungoma kwa daktari wa masikio. Kijana mdogo. Nilimgeuzia upande wa kushoto kwa makusudi nimpime yeye kwanza, akazungumza muda mrefu nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo, vizuri sana." Akaweka kalamu chini akaniambia, upande wa kulia, "Mama, nilikuwa nahesabu moja mpaka ishirini." Nimempenda. Anakubaliana nawe katika kila kitu, naye alitumia mashine. Wewe ulitumia vifaranga.

Mwalimu mkuu nimemwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Nimewapanga watoto upya na anayejibu anasimama. Ni kweli, wana kelele. Sikujua wana kelele kiasi hicho.

Hayo ya jioni ile nimeyasoma. Sitayajibu kwa barua, ingawa nimekuwa nikizisifu barua mwaka mzima.

Kuku wa karamu yako wamenona. Kigoda chako nimekihamisha, kiko kulia kwangu sasa, upande wa dirisha. Maharagwe nimeyaacha bila kuchambua. Njoo Jumamosi uketi uyaseme tena maneno yale, kwa sauti yako ileile ya taratibu. Usiipandishe.

Ni mimi,
Phelista Nasimiyu